Je, Mifupa Isiyo na Jina Ina Haki Gani Juu Yetu?

Kurani Tukufu inatusimulia kwamba Firauni, alipoona hoja za Nabii Musa a.s. zinambana, aligeuza mazungumzo akauliza habari za vizazi vilivyokwisha kupita: je, hao hali yao ikoje? Nabii Musa a.s. akamjibu kwamba elimu ya watu hao iko kwa Mola wake, imehifadhiwa katika kitabu, naye Mola wake hapotewi na jambo wala hasahau (20:52-53). Jibu hili ni kubwa. Limeifariji mioyo ya waaminio wengi waliofiwa na watu wao mahali pasipojulikana, baharini, vitani au porini. Lakini jibu hilo hilo laweza kushikwa vibaya na mtu mvivu, akalifanya kuwa udhuru wa kutotenda lolote.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Mifupa ya mwanadamu imeonekana. Yaweza kuwa imefukuliwa na mvua kando ya mto, au imetupwa na mawimbi pwani, au imekutwa katika shimo kubwa lenye miili mingi iliyolaliana. Haina hati, haina kaburi, hakuna ajuaye ni ya nani. Je, mwenye kumwamini Mungu anawajibika kulitafuta jina la mtu yule? Au yatosha kuifunika kwa udongo, kuomba dua, na kurudi katika shughuli zetu? Wapo wasemao: “Mtu amekwisha kufa, roho yake imekwenda kwa Mwenyewe, na Mungu anamjua kuliko sisi. Fedha na jasho la kutafuta jina lake vingewafaa walio hai.” Maneno haya si ya kipumbavu, wala hayasemwi na watu wasio na dini tu. Yastahili kujibiwa kwa hoja.

Nasi Waislamu wa Jamaat Ahmadiyya swali hili hutubana zaidi kuliko wengine. Watu wa dini nyingi wameamini kwamba mifupa hii hii, nyama hii hii, ndiyo itakayoinuliwa Siku ya Kiyama. Kwa hiyo wao wana sababu iliyo wazi ya kuitunza. Lakini Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896 mbele ya wafuasi wa dini mbalimbali, alieleza kutokana na Kurani Tukufu kwamba roho inapoachana na mwili huu wa udongo hupewa mwili mwingine, unaofanyika kutokana na matendo ya mtu, wa nuru kwa watu wema na wa giza kwa waovu. Mwili wa udongo hurudi katika udongo. Aliyeliwa na samaki hakupungukiwa na kitu mbele ya Mungu, na aliyechomwa moto akawa majivu hali kadhalika. Bwana wetu Mtume Muhammad s.a.w. alisimulia habari za mtu aliyewausia wanawe wamchome na kuyatawanya majivu yake kwa kuogopa hesabu ya Mungu. Mungu akamkusanya, akamwuliza kwa nini alifanya hivyo, na alipojibu kwamba ni kwa hofu yake kwa Mola, akamsamehe. Basi kama ndivyo, mwulizaji atasema: ninyi mna haja gani na mifupa?

Jibu la kwanza analo Nabii Musa a.s. yeye mwenyewe. Wale waliotoka katika Ukristo na kuingia katika Uislamu watakumbuka kwamba katika Torati, kitabu cha Mwanzo, Nabii Yusuf a.s. alipokaribia kufa katika nchi ya Misri aliwaapisha wana wa Israeli wasiiache mifupa yake huko (50:25), na kwamba usiku ule wa kutoka Misri Nabii Musa a.s. aliichukua (Kutoka 13:19). Katika vitabu vya Hadithi, Ibn Hibban na Hakim wamepokea habari ya kwamba kaburi lenyewe lilikuwa halijulikani tena, wala hakuonekana wa kulionyesha isipokuwa bibi kizee mmoja; naye hakukubali kulionyesha mpaka aahidiwe kuwa pamoja na Musa a.s. katika Pepo.

Tafakari, ndugu msomaji. Huyu ndiye yule yule aliyemwambia Firauni kwamba elimu ya waliopita iko kwa Mola wake. Taifa zima liko njiani, jeshi la adui laweza kutokea nyuma wakati wowote, wanawake na watoto wanalia. Naye anatafuta kaburi la mtu aliyekufa zamani mno. Hakusema, “Yusuf anajulikana na Mungu, twendeni.” Alijua vema kwamba Yusuf a.s. hapungukiwi kitu akibaki Misri. Lakini palikuwa na ahadi. Walioapa walikuwa wamekwisha kufa, hata hivyo deni lilibaki juu ya wajukuu wao.

Hapa ndipo kilipo kiini cha jambo. Kujua kwa Mungu hakutuondolei sisi wajibu wa kujua. Mungu anajua pia nani ana njaa usiku huu, na bado ametuamuru tumtafute tumlishe. Anajua mwizi ni nani, na bado amemwamuru kadhi asikilize mashahidi. Kila mahali ambapo haki ya mtu iko mikononi mwetu, elimu ya Mungu ndiyo itakayotuhukumu juu ya namna tulivyoitimiza haki ile, wala haiwi badala ya kazi yetu.

Na mtu anayo haki ya jina lake. Kurani Tukufu inasema kwamba wanadamu wamefanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana (49:14), na ikaamuru kwamba watoto wa kulelewa waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa (33:6). Amri hii ya pili watu wengi huipita haraka haraka. Maana yake ni kwamba hata upendo wa mlezi, ambao ni jambo jema, hauna ruhusa ya kufuta nasaba ya mtu. Ikiwa upendo hauna ruhusa hiyo, je, uzembe utakuwa nayo? Je, mwuaji atakuwa nayo?

Nimemtaja mwuaji kwa sababu mara nyingi mifupa isiyo na jina haikupoteza jina lake kwa bahati mbaya. Mfano mkubwa wa zama zetu ni wa Bosnia. Tarehe 11 Julai 1995 mji wa Srebrenica, uliokuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1993 kuwa mahali pa usalama, uliangukia mikononi mwa jeshi la Waserbia wa Bosnia. Wanaume na wavulana wa Kiislamu walitengwa na mama zao na wake zao, na katika muda wa siku chache watu zaidi ya 8,000 waliuawa na kufukiwa katika mashimo makubwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu kwamba yaliyotendeka pale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Lakini sikiliza lililofuata. Miezi michache baadaye, walipoona kwamba dunia imeanza kuuliza, wauaji walirudi na matingatinga. Waliyafukua mashimo yale, wakaipakia miili katika malori, wakaipeleka kwenye mashimo mengine ya mbali, madogo na yaliyofichika zaidi. Chuma kiliikata miili iliyokwisha kuanza kuoza. Kwa hiyo wachimbaji walipofika baada ya vita walikuta mkono wa mtu katika shimo moja na mguu wake katika shimo jingine. Mifupa ya mtu mmoja imewahi kuonekana katika makaburi manne au matano yaliyo mbalimbali. Haukuwa uharibifu wa vita. Ilikuwa kazi iliyopangwa, yenye mafuta, madereva na zamu za usiku, na kusudi lake lilikuwa watu wale wasijulikane kamwe.

Katika lugha yetu tuna maneno mawili yanayokaribiana sana, kusitiri na kuficha, na yote mawili hufanywa kwa udongo. Kurani Tukufu inaeleza jinsi mwana wa Adamu aliyemwua nduguye alivyoletewa kunguru anayefukua ardhi ili amwonyeshe namna ya kuisitiri maiti ya nduguye, naye akajuta (5:32). Kusitiri ni kumfunika maiti ili heshima yake isivunjwe. Wenyewe wanajua yuko wapi, na wanaweza kusimama pale wakamwombea. Kuficha ni kumfunika ili tendo letu lisionekane. Wenye matingatinga walificha. Sasa mtu akija baada yao akasema, “Mungu anawajua, waacheni hapo walipo,” ingawa nia yake ni njema, yeye anaikamilisha kazi waliyoianza wauaji. Wao walitaka watu 8,000 wawe kitu kimoja kisicho na majina. Naye ameridhika nacho.

Mama na wake wa Srebrenica hawakuridhika. Mwanzoni njia za kuwatambua waliokufa zilikuwa zile za kale: nguo, viatu, kisanduku cha tumbaku, meno, mfupa uliowahi kuvunjika utotoni. Mama aliweza kuitambua fulana aliyoifuma mwenyewe. Lakini nguo huazimwa, na watu wa mji uliozingirwa walikuwa wakivaa mavazi ya msaada yaliyofanana. Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea, iliyoundwa mwaka 1996, ilianza mwaka 2001 kutumia vinasaba, yaani zile chembechembe za urithi zilizomo katika kila sehemu ya mwili wa kiumbe. Mtoto hupokea nusu ya urithi huo kwa mama na nusu kwa baba. Kwa hiyo damu ya wazazi, au ya watoto, au ya ndugu, yaweza kulinganishwa na unga mdogo uliochukuliwa kutoka katika mfupa wa paja au katika jino. Jamaa zaidi ya 20,000 walijitolea matone ya damu kwa ajili ya watu wa Srebrenica tu. Kwa njia hii watu wanaokaribia 7,000 wamekwisha patiwa majina yao, na wengi wamezikwa katika makaburi ya Potočari, ambako mazishi ya kwanza yalifanyika mwezi wa Machi 2003. Kila mwaka tarehe 11 Julai majeneza ya wale waliotambuliwa karibuni huswaliwa. Wapatao elfu moja bado hawajaonekana.

Wengi wa wahubiri wetu, wakisikia habari za elimu hii, hukimbilia aya ya Sura Al-Qiyama isemayo juu ya mtu anayedhani kwamba Mungu hataikusanya mifupa yake, ambapo anajibiwa kwamba Mungu ni Muweza wa kuzisawazisha hata ncha za vidole vyake (75:4-5). Husema: tazama, alama za vidole! Mimi sikatai kwamba aya za Mungu zina hazina nyingi. Walakini sipendi kuifunga aya tukufu na wino wa ofisi ya polisi, maana elimu ya watu hubadilika kila siku. Kuna tafsiri iliyo karibu zaidi, nayo imo katika historia ya Bwana wetu Mtume s.a.w. mwenyewe. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Waislamu 70 waliuawa mashahidi, na maadui wakaziharibu maiti. Miongoni mwao alikuwa Anas bin Nadhr r.a. Bukhari amepokea kwamba alionekana na majeraha zaidi ya themanini ya mapanga, mikuki na mishale, wala hakuna aliyeweza kumtambua ila dada yake, naye alimjua kwa ncha za vidole vyake. Neno la Kiarabu lililotumika katika habari hii ni lile lile la aya.

Hapakuwa na maabara wala darubini. Palikuwa na dada aliyeutazama mkono wa kaka yake tangu utotoni, akaujua. Wanawake wa Srebrenica walipotoa damu yao walifanya jambo lile lile kwa njia nyingine. Elimu ya vinasaba, pamoja na mashine zake zote, haiwezi kumtambua mtu asiye na wa kumdai. Lazima awepo jamaa aliye hai atakayeunyosha mkono na kusema: nina mtu wangu aliyepotea.

Sasa tuzikabili pingamizi za wacha Mungu, ambazo ni nzito kuliko za wavivu. Mtu atasema: je, hatukukatazwa kuufukua mwili uliozikwa? Na je, Mtume Mtukufu s.a.w. hakufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai? Ni kweli. Lakini maana ya katazo ni kulinda heshima, na heshima yaweza kudai kufukua kama inavyodai kuzika. Jabir bin Abdullah r.a. alifiwa na baba yake siku ile ya Uhud, akazikwa pamoja na mtu mwingine katika kaburi moja. Bukhari amepokea kwamba nafsi ya Jabir haikutulia kumwacha baba yake pamoja na mwingine, na baada ya miezi sita alimtoa, akamzika peke yake. Hakuna aliyemlaumu. Basi ikiwa mwana aliruhusiwa kufukua kwa sababu tu nafsi yake haikutulia, ijapokuwa alijua vema baba yake yuko wapi na ni nani, itakuwaje kwa mama asiyejua hata shimo? Na kile kipande kidogo kinachokatwa katika mfupa kwa ajili ya uchunguzi ni kama tabibu akatavyo nyama ili aponye. Aliyeuvunja mfupa ule kwa dharau alikuwa yule mwenye tingatinga.

Tena, hoja ya fedha. Husemwa kwamba walio hai wana haki zaidi. Nakubali, na hiyo ndiyo sababu moja ya kutafuta. Mtu aliyepotea, ambaye sheria yetu humwita mafkudi, amewafunga walio hai kwa kamba ndefu. Mke wake si mke wala si mjane. Seyidna Umar r.a. alitoa hukumu kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru. Lakini wapo wanachuoni waliotaka angoje mpaka wafe watu wa rika la mumewe. Mali yake haigawanyiki, mayatima wake hawajulikani kama ni mayatima, deni lake halina wa kulilipa. Miaka minne ya Seyidna Umar r.a. ilikuwa rehema kubwa, na sheria yaweza kumwachilia mwanamke. Moyo wake hauachiliwi na hati ya kadhi. Kila mlango ukigongwa huinuka, na akila chakula kizuri huona aibu. Jina linapopatikana huumia upya, na bado wengi wao wamesema kwamba maumivu yale ni afadhali.

Ni vema pia tuulize ni akina nani hasa wanaokufa bila majina. Firauni yule, ambaye Mungu aliahidi kuuokoa mwili wake uwe ishara kwa waliokuja nyuma (10:93), alipakwa dawa na kuviringishwa sanda za thamani. Na hata hivyo wataalamu hawajaafikiana ni yupi kati ya wafalme wa Misri wanaohifadhiwa Cairo. Yeye angalau anatafutwa na maprofesa. Maskini hatafutwi na mtu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama katika Ziwa Viktoria, ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa, na wengi wao walizikwa pamoja Igoma. Abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili walikuwa katika orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Nauli ndogo ilimpa mtu nafasi ya kusimama penye ndizi na mizigo, isimpe mstari mmoja wa wino. Hapa hapakuwa na mwuaji wa kuwaficha, na tingatinga halikuhitajika. Walipotezwa majina kabla ya kufa, siku waliyopanda meli, na mtu aliyeona kwamba hawastahili kuandikwa.

Linganisha na mwendo wa Bwana wetu Mtume s.a.w. Muslim amepokea kwamba baada ya vita fulani aliwauliza masahaba kama kuna wanayemkosa. Wakawataja watu wao wakubwa. Akauliza tena, na mara ya tatu wakasema hapana. Yeye akasema kwamba anamkosa Julaybib. Huyu alikuwa mtu asiyetajwa sana, ambaye hakuna kabila lililokuwa na haraka ya kumdai. Walimtafuta wakamkuta amelala kando ya maadui saba aliowaua kabla hajauawa, na Mtume s.a.w. akamchukua juu ya mikono yake mwenyewe mpaka kaburi lilipochimbwa. Vilevile yule aliyekuwa akiufagia msikiti alipokufa usiku, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume s.a.w., wakiliona jambo hilo kuwa dogo. Naye alipomkosa aliuliza, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia pale. Na jeneza la Myahudi lilipopita akasimama, na alipoambiwa ni la Myahudi aliuliza kama ile haikuwa nafsi. Hilo la mwisho ni muhimu, maana mifupa isiyo na jina haina dini inayoonekana. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba ikiwa maiti za Waislamu na za wasio Waislamu zimechanganyika na hazitambulikani, wote huoshwa, na husaliwa kwa nia ya Waislamu waliomo. Hakuna anayeachwa kwa shaka.

Katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioshawishika kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Sitaki hapa kujadili mafundisho yaliyowaua. Gazeti hili limelieleza mara nyingi suala la kufa kwa Nabii Isa a.s., na siku nyingine tutarudi huko. Nataka kusema tu kwamba zile za kwanza kurudishwa kwa jamaa zao, mwezi wa Machi 2024, zilitambuliwa kwa vinasaba, na kwamba kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wameingia msituni na nyumba zao zote, baba, mama na watoto. Hapo wa kutoa damu ni nani? Yule shangazi aliyegombana nao miaka mingi, au babu aliyesema hataki kuwaona tena. Nimesema kwamba lazima awepo wa kudai. Waliosilimu na kutengwa na jamaa zao wanalijua jambo hili: ugomvi wa dini haufuti nasaba. Likitokea la kutokea, Mwislamu akiambiwa kwamba damu yake yahitajika ili apatikane nduguye aliyekuwa katika dini nyingine, na aende.

Limebaki jambo moja ambalo watu wa Bosnia wameulizana sana, na ambalo pengine lina uzito kuliko yote. Maabara inamwita mama na kumwambia: tumempata mwanao, lakini tulichonacho ni mfupa wa paja na mbavu tatu. Azike hicho? Au angoje mpaka shimo jingine lifunguliwe, naye ana umri wa miaka themanini? Wapo waliongoja wakafa. Wapo waliozika, na baada ya miaka miwili wakaitwa tena kwa mfupa mwingine, kaburi likafunguliwa.

Imam Shafi ametaja habari iliyomfikia ya kwamba baada ya Vita vya Ngamia, mwaka wa 36 wa Hijra, ndege aliudondosha mkono wa mtu katika mji wa Makka. Watu wakautambua kwa pete yake kuwa ni wa Abdurrahman bin Attab bin Asid, wakauosha na kuuswalia. Hawakungoja mwili. Kwa hiyo mimi ningemwambia mama yule azike, wala asiogope kwamba amemzika mwanawe nusu. Hapa ndipo mafundisho ya Masihi Aliyeahidiwa a.s. juu ya mwili mpya wa roho, yale yaliyoonekana mwanzoni kama yanatuondolea haja ya mifupa, yanapomfaa mtu. Mwanawe hakukatwakatwa, kilichokatwa ni udongo aliouacha. Na siku mfupa mwingine ukipatikana, na upelekwe pale pale, chini ya jina lile lile.

Damu za mama waliokwisha kufa zimehifadhiwa. Shimo jipya likionekana leo, mfupa utakaotolewa humo utalinganishwa nazo pia.